Breki Zilishika

Kama gari lile lingekuwa na breki mbovu, kazi ya Inspekta ingekwisha siku ileile ya kwanza. Mtu amelala chini ya gari bovu, limemshukia, poleni wafiwa, jalada lifungwe. Tabu ni kwamba gari lilikuwa zima kuliko mengi yanayotembea barabarani. Fundi wa kituo cha polisi alikuwa akilikagua tangu asubuhi, na sasa alijitoa chini yake akijifuta mikono kwa kitambaa, uso wa mtu aliyetumwa kupeleka habari asiyoipenda.

"Breki ya mkono imeshika, afande. Gia iko kwenye kuegesha. Kabari zilikuwa nyuma ya matairi ya nyuma, huku na huku. Marehemu alifanya kila kitu kama inavyotakiwa."

"Na bado gari likatembea."

"Na bado likatembea."

Inspekta alikuwa mwanamke wa maneno machache, na wanaomjua kituoni walisema akinyamaza ndipo umwogope. Alisimama katika uwanja mdogo wa nyumba ya marehemu, kati ya geti na mlango, mikono nyuma, macho chini. Ndani ya nyumba wanawake walikuwa wakilia kwa kupokezana. Mazishi yalikuwa alasiri ya siku hiyo.

Marehemu alikuwa fundi saa. Mtaa mzima ulimwita Bwana Taratibu, jina la utani alilolipokea bila kinyongo kwa sababu lilikuwa kweli tupu: mtu anayefunga kamba za viatu mara mbili, anayesoma hadi maandishi madogo ya chupa ya dawa ya kikohozi. Gari lake alilihudumia mwenyewe hapo nyumbani. Kwa kuwa lilikuwa gari dogo la pua chini, rampu za kawaida, zile ngazi za mteremko za kupandishia gari, zingeling'oa bampa kabla tairi halijagusa. Basi akanunua rampu za chini, jozi ya plastiki ngumu yenye mteremko mrefu na mpole. Ukishapandisha matairi ya mbele, unachomoa vile vipande vya mteremko ili upate pa kuingilia, na gari linabaki limesimama juu ya vigogo viwili visivyozidi shubiri. Hapo kifua cha mtu kinapita kwa shida. Gari likishuka, hakipiti.

Lilishuka. Na aliyekuwapo pale lilipokuwa likishuka ni mdogo wake, mtoto wa mama mmoja, dereva wa lori.

"Afande, kesi hii iko wazi," alisema Koplo, mtu aliyependa kufunga majalada mapema na kula mapema. "Ndugu hawa hawajasemeshana tangu mama yao afe. Mama alifia mikononi mwa mkubwa, mdogo yuko safarini, hakupigiwa simu kwa wakati. Kinyongo hicho. Jirani wa ukuta huu amesikia wakipigizana kelele, akasikia kishindo, akamwona huyo Dereva anatoka getini mbio, damu mikononi. Alama za vidole vyake ziko kwenye breki ya mkono. Unataka nini tena, akuimbie?"

"Yeye mwenyewe anasemaje?"

"Lilelile. 'Andikeni mnavyotaka.' Amemeza ulimi. Hati ya mashtaka ya mauaji iko mezani kwako, bado saini tu. Na mjane amesema wazi, mguu wa shemeji yake usikanyage makaburini." Koplo akatikisa kichwa. "Kikulacho ki nguoni mwako."

"Alifanyaje, kwa fikra zako?"

"Aliingia ndani, akaachia breki, akatoa gia. Gari likashuka. Akairudisha gia, akaipandisha breki."

"Yaani ametulia kiasi cha kupanga kila kitu kikae kama kilivyokuwa, kisha anakwenda kukimbia barabarani na damu mikononi ili mtaa wote umwone?"

"Ndugu wakigombana, afande..."

"Chukua jembe ukalime. Ndivyo wanavyosema. Inama hapa."

Koplo akainama, magoti yakilia. Uwanja ulikuwa na vigae vipya, rangi ya maziwa, na juu yake oili na mabaki ya sabuni yalikuwa yamekauka pamoja. Mbele ya kila tairi la nyuma palikuwa na mstari mpana uliofutika.

"Tairi likibiringika linaacha alama za meno yake, jino baada ya jino," Inspekta alisema. "Hapa kuna jino gani?"

Koplo aliangalia sana. "Hakuna. Pamefutwa tu."

"Basi tairi halikuzunguka. Liliburuzwa. Breki zilikuwa zimeshika wakati gari linakwenda. Hakuna aliyeziachia."

Inspekta akaokota rampu moja, akaigeuza juu chini. Chini yake kulikuwa na vikanyagio vya mpira vyenye mifereji, na katika mifereji ile kulikuwa na nyuzi. Alichomoa mmoja kwa kucha, akauinua kwenye mwanga. Ulikuwa wa kahawia, mgumu, umelowa oili ya zamani.

"Zulia," fundi alisema. "Wengi tunatandika kitu chini ya rampu, kipande cha zulia au mpira, zisiserereke."

"Hapa hapakuwa na zulia. Picha za siku ile hazionyeshi zulia."

Koplo alichangamka tena. "Basi aliliondoa! Afande, aliyeondoa zulia ndiye muuaji."

"Haya, litafute."

Halikuchukua muda. Katika stoo ya nyuma ya geti, nyuma ya makopo ya rangi, vilikuwapo vipande viwili vya zulia vilivyokatwa kwa kipimo cha rampu, vimekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi. Kufunga kule kulikuwa kwa Bwana Taratibu mwenyewe, fundo juu ya fundo. Koplo alinyoosha mkono avichukue, Inspekta akamzuia. Utando wa buibui ulitoka kwenye uzi ule, ukapita kwenye kopo la rangi, ukaishia ukutani, na vumbi lilikuwa limeulalia.

"Buibui huyu hakuanza kazi juzi," alisema. "Zulia liliondolewa zamani, na aliyeliondoa ni mwenyewe. Sasa niambie, Koplo. Mtu anayefunga kamba za viatu mara mbili anaacha vipi kutandika zulia?"

Inspekta alivitazama tena vigae. Saruji kati ya kigae na kigae ilikuwa bado nyeupe.

Mjane alikuwa chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa mshonaji, na mikono yake haikuzoea kukaa bure. Ilikuwa ikikunja na kukunjua pindo la shuka. Inspekta aliwaomba wanawake wengine watoke kidogo, akakaa kwenye kigoda.

"Mmeshampeleka mahakamani?" mjane aliuliza.

"Bado, dada."

"Mnangoja nini? Mimi leo namzika mume wangu, na yeye huko anakula na kulala."

"Nina swali dogo tu. Vigae vya uwanjani viliwekwa lini?"

Mjane aliinua uso. Ulilainika, na Inspekta aliyekuwa amezoea nyuso za wafiwa aliona vibaya kuulainisha kwa swali lile.

"Mwezi uliopita. Aliposafiri kwenda kumwona shangazi yake. Nilimfanyia kwa siri. Pale palikuwa na zege, zege lenyewe bovu, linachuna. Kila akilala chini ya gari lake anaamka mgongo umechubuka na shati limechanika, na anayeshona ni mimi. Nikasema, mume wangu naye alale pazuri." Akatabasamu kidogo. "Aliporudi alivua viatu getini, afande. Akavuka uwanja pekupeku, huku anacheka. Mtu mzima yule."

"Na yale mazulia aliyokuwa akitandika?"

"Yale matambara? Sijui aliyatupa wapi. Mimi nilishukuru tu, yalikuwa yananuka oili."

"Vigae unaviosha kwa kitu gani?"

"Sabuni ya maji. Kila asubuhi kabla sijaenda kibandani kwangu. Hata siku ile niliviosha." Mikono ikasimama kwenye pindo. "Kwa nini unaniuliza sabuni?"

"Nauliza kila kitu, dada. Ndiyo kazi yangu."

Inspekta alitoka haraka kuliko adabu inavyotaka. Uwanjani akamwambia Koplo afunge geti, alete ndoo ya maji na ile chupa ya sabuni iliyokuwa mlangoni.

"Tunafua, afande?"

"Tunaosha."

Walianza pakavu. Fundi alilipandisha gari juu ya rampu, akakaza breki, akaweka kabari, akachomoa vipande vya mteremko. Chini ya injini wakalaza mfuko wa mchanga mahali pa kifua. Kisha fundi, akiwa nje kabisa ya gari, akavisha bomba refu kwenye spana na kuvuta ile boliti ya kumwagia oili, boliti aliyokuwa akihangaika nayo marehemu. Gari lilitikisika tu. Wakavileta vipande vya zulia, wakavitandika chini ya rampu, wakamwaga maji ya sabuni kila mahali, fundi akavuta tena hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Gari halikwenda popote.

"Sasa toa zulia," Inspekta alisema. "Maji yabaki."

Fundi alivuta. Boliti haikulegea. Kilicholegea ni gari zima. Lilisogea na breki zake, na kabari zake, na rampu zake, vyote kwa pamoja vikiteleza kufuata ule mwinamo mdogo uliotengenezwa ili maji yaende getini. Rampu moja ikalala ubavu, na pua ya gari ikashuka juu ya mfuko. Mfuko ulipasuka. Mchanga ulimwagika taratibu juu ya vigae vyeupe.

"Hakuna muuaji," Koplo alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Hakuna."

"Basi hizi ni habari njema, afande."

Inspekta alimgeukia. "Nenda ukampe mjane hizo habari njema," alisema. Koplo akainamisha kichwa. Hapo ndipo wote watatu walipolisikia pazia la dirisha la chumbani likirudi mahali pake, lakini walikuwa na haraka ya kuwahi kituoni, na pazia ni kitu cha kupeperuka.

Dereva alikuwa ameketi kwenye benchi la chumba cha mahojiano, jitu la mabega mapana, mikono yote miwili imefungwa bendeji. Hakuinua macho. Inspekta hakukaa ng'ambo ya meza. Alivuta kiti akakaa ubavuni pake.

"Breki zilishika," alimwambia. "Kaka yako hakukosea ila kitu kimoja. Hakutandika zulia."

Dereva alifumba macho.

"Ulijua tangu siku ile."

"Andika ni mimi."

"Siandiki uongo."

"Afande, nakuomba. Nakuomba kama dada yangu. Andika ni mimi."

"Niambie kwanza kilichotokea. Kisha tutaona cha kuandika."

Dereva alisema kama mtu anayeshusha mzigo mzito, akiangalia asije akauvunja.

"Nilikwenda kumwomba radhi. Kwa mambo ya mama. Nilikuwa nimekosea mimi. Simu alipiga, nilikuwa sehemu haina mtandao. Nimekuja kulijua hilo juzijuzi tu. Nikafika, yuko chini ya gari, miguu nje. Nikasema, kaka, ni mimi. Akasema, nipe hiyo spana. Basi. Ndiyo msamaha wenyewe huo. Nikampa."

"Halafu?"

"Halafu nikaona rampu ziko juu ya vigae vitupu, na povu bado liko kwenye maungio. Baba yetu alikuwa dereva. Alitufundisha tangu wadogo, sakafu ndiyo breki ya kwanza. Nikamwambia toka, tutandike zulia. Akacheka. Akasema, shemeji yako akirudi akute matambara ya oili juu ya zawadi yake, atajisikiaje? Nikapandisha sauti, naye akapandisha yake. Jirani anasema tulikuwa tunagombana." Akatikisa kichwa. "Mimi na kaka tukigombana tunanyamaza, afande. Tumenyamaziana karibu mwaka. Siku ile tulikuwa tumepatana, ndiyo maana tulipigizana kelele."

"Na spana?" Inspekta aliuliza.

"Akavuta spana. Likaenda. Niliruka ndani nikashika breki ya mkono, nikaikuta iko juu. Nikatoka nikainua." Aliiangalia mikono yake. "Gari lile ni dogo. Mimi nabeba magunia. Nilidhani nitaliinua. Alikuwa bado anasema. Alisema, asijue. Mke wangu asijue. Nikamwambia sawa, kaka. Akakata roho. Nikatoka mbio, hata sijui nilikuwa nakwenda wapi."

"Utafungwa maisha kwa neno hilo moja."

"Mimi sina mke, sina mtoto, maisha yangu ni barabara. Yeye anaishi pale."

"Ninaweza kuandika ajali, nikaishia hapo."

"Hataamini. Atasema nimewahonga. Bora anichukie mimi. Mtu mwenye wa kumchukia anapata nguvu ya kuamka asubuhi."

Inspekta alikuwa na jibu, jibu zuri la kisheria, na alikuwa ameanza kulitoa mlango ulipofunguka. Alikuwa Koplo. Kofia yake ilikuwa mkononi.

"Afande, nisamehe. Nilijaribu kumzuia."

Nyuma yake alisimama mjane. Alikuwa amekuja kwa miguu, na nguo za msiba, na ndala za kuvaa ndani. Alimpita Koplo, akampita Inspekta, akaenda kusimama mbele ya benchi. Dereva aliinuka na kugeuza uso ukutani.

"Shemeji," mjane alisema.

"Usiwasikilize hawa. Ni mimi niliyefanya."

"Nimeona dirishani mlivyo... walivyomwaga maji. Nimeona mfuko. Na hayo uliyosema sasa hivi nimeyasikia hapo nje, mlango huu hauzibi kitu." Sauti yake ilikuwa kavu na ya chini. "Umenidanganya siku zote hizi kwa kunyamaza. Usianze sasa kunidanganya kwa maneno."

Dereva aliegemeza paji la uso ukutani.

"Nimekutukana mbele ya watu," mjane aliendelea. "Nimesema usikanyage kwenye kaburi lake. Na wewe umekaa hapa unanilinda." Akavuta pumzi. "Angetandika tu, shemeji. Angetandika matambara yake. Mimi ningesugua."

Mjane alimgeukia Inspekta, akanyoosha mikono yake miwili, viganja juu, kama alivyokuwa ameona watuhumiwa wakifanya.

"Nifunge mimi."

"Dada, hakuna kosa ulilofanya."

"Mtu amekufa, afande. Kosa liko. Litafute vizuri."

"Nimelitafuta," Inspekta alisema. "Halimo katika sheria yoyote ninayoijua." Alitamani, na alikuja kulikiri hilo baadaye kwa watu wake wa karibu, kwamba lingekuwamo, dogo tu, la faini, mwanamke yule apate kitu cha kulipa akamaliza. Alichukua hati ya mashtaka mezani, akaipiga mstari kutoka pembe hadi pembe, akamwambia Koplo alete vitu vya mahabusu. Koplo alikwenda kuvitafuta kwenye kabati lisilo lake, akakaa huko amewapa mgongo kwa muda mrefu.

Dereva alijifuta uso kwa bendeji. "Saa zinakwenda," alisema. "Twende tukamzike, shemeji. Mimi nitashika mbele ya jeneza."

Walitoka pamoja. Inspekta aliwasindikiza hadi nje, akabaki ngazini. Jua lilikuwa limeanza kuinama na watu walikuwa wakipita na shughuli zao. Kabla ya kufika barabarani mjane alisimama, akamshika shemeji yake mkono wa shati.

"Na baadaye?" aliuliza. "Watu wakishaondoka? Nyumba yangu ina mlango mmoja, shemeji, na mbele yake ni vigae vile. Nitaingilia wapi?"

Dereva akamshika mkono, wakaenda makaburini.